Kutoka jaridani mpaka kitabuni
Juzi usiku tuko barazani Mji wa Kale, kahawa tungu na kashata, rafiki yangu mwandishi wa majarida akaanza kulia eti amechoka na makala fupi fupi, ataka kutoa kitabu. Nikamwambia ndugu yangu, mwangalie Es'kia Mphahlele basi! Alikuwa ticha Afrika Kusini, 1952 wakamfungia kufundisha sababu alipinga elimu ya kibaguzi, akaishia jarida la Drum, 1957 akahamia Nigeria na 1959 kitabu cha maisha yake kikatoka. Tena 1963 alikuja kufanya kazi hapa hapa Kenya, lakini Nairobi (sisi Wapwani twarukwa tu kila siku, haya). Mwenzangu kanyamaza, kashata yamumunyuka mkononi, mara aniuliza, “Sasa hao Drum walikuwa wakilipa ngapi?”