Unyoya wa Yusufu

Mwigizaji wa filamu za Kihindi, Dilip Kumar, bibi hakumwita kwa jina hilo hata siku moja. Kwake alikuwa Yusufu, kama kijana wa Kibokoni, Mombasa, aliyesafiri akachelewa kurudi. Alijua kwamba alizaliwa Peshawar, kwamba wazazi wake walimwita Muhammad Yusuf Khan, na kwamba hilo la Dilip ni jina la kazi tu. Mtu akilitaja mbele yake, alimrekebisha.

Ilikuwa Ijumaa moja ya likizo ya Agosti, mwaka 1987, nami nina miaka 12. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mlango aliujua kwa mwanga wake, na sisi wajukuu kwa nyayo zetu. Asubuhi ile mjomba wangu, mtu asiyekuwa na maneno mengi, aliingia amekumbatia deki ya video ya kukodi na kaseti mbili za filamu ya *Mughal-e-Azam*. Akaziweka mezani, akasema, "Mama, Yusufu yuwaja leo baada ya swala."

Bibi alinyamaza. Kisha akaomba apashiwe maji ya kuoga. Akaoga, akajifukiza udi, akajitanda leso mpya ambayo tulidhani anaiweka kwa ajili ya arusi.

Filamu ile ilitoka India mwaka 1960, na ilipofika Mombasa bibi aliiona kwenye onyesho la wanawake peke yao. Alizoea kutuhadithia sinema za siku hizo, Regal, Naaz, Majestic, na mabuibui yaliyojaa njia nzima, na bajia zilizofungwa kwenye gazeti zikapitishwa mkono kwa mkono gizani. Alisema kina mama walilia kwa sauti bila haya, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume wa kuwaona. Nyimbo wakirudi nazo nyumbani. Wiki ikiisha, mahadhi yale yale unayasikia kwenye taarabu yametiwa Kiswahili, na Juma Bhalo ndiye aliyeijulia kazi hiyo kuliko wote.

Saa nane mchana tulikuwa tayari. Shangazi zangu wawili na jirani yetu mmoja walikaa mkekani, bibi kwenye kiti chake mbele kabisa, mimi miguuni pake. Kazi yangu ilikuwa kuwa macho yake. Si yeye wala mimi aliyejua Kiurdu, ila maneno yalikuwa yakichomoza kama watu unaowafahamu katikati ya umati: *duniya*, *waqt*, *adab*, *mohabbat*. Kila likitajwa hilo la mwisho, bibi aliitikia polepole, "Mahaba."

Nilianza vibaya. Nilimweleza farasi, mapambo, nguzo za jumba, askari wangapi. Akanigusa bega. "Hayo nayajua. Mimi nambia mtu yuwafanyani."

Basi nikajifunza kutazama mtu. Mfalme Akbari, aliyeigizwa na Prithviraj Kapoor, akisema hata feni yetu ilionekana kutulia. "Yule baba yuwanguruma," bibi akasema. "Sasa sikiza mwana ajibuvyo." Nikasikiza. Salimu mwana wa mfalme, yaani Yusufu, alijibu kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye sana, na kabla ya neno zito alisita kidogo, kama anayeliangalia kwanza. Mpaka leo sijaona mwigizaji mwingine anayejua kunyamaza namna ile. Wenzake wa zama zake walijaza ukumbi kwa sauti. Yeye alikufanya uinamie mbele ili usikie, na bibi alikuwa ameinama, mikono imekamata kingo za kiti.

Ndipo ikaja bustani, Salimu yuko na Anarkali, mchezaji wa jumbani anayempenda. Usiku, Tanseni, mwimbaji wa mfalme, anaimba mahali usipomwona, kwa sauti yake Bade Ghulam Ali Khan, na hapana anayesema neno. Wimbo ukaenda, ukaenda. Bibi hakuwa na maneno ya kushika.

"Yuwafanyani sasa?"

Nikaona haya. Shangazi wote wako pale. "Amekaa," nikasema.

"Amekaa, na mkononi ana nini?"

"Unyoya. Unyoya mweupe."

"Yuwaufanyani?"

"Yuwampitishia Anarkali usoni."

"Na yeye?"

"Amefumba macho."

Bibi akashusha pumzi. "Usinifite kitu, mwanangu. Nambia." Lakini mimi nilikuwa nimeshageuza uso kutazama ukuta, na jirani yetu alikuwa ameinua mtandio mpaka puani. Nikamwambia wamekaa tu, wanasikiliza wimbo. Adhana ya Alasiri ikanifaa. Mjomba akasimamisha kaseti, na uso wa Yusufu ukabaki pale kwenye runinga ukitetemeka na mistari yake, wakati watu wote wameinuka kutawadha.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wakati wa kupigwa picha zile za unyoya, Dilip Kumar na Madhubala, aliyeigiza Anarkali, walikuwa hawaamkiani. Walikuwa wamependana kweli, mapenzi yakavunjika, na mwaka 1957 Yusufu akasimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya Madhubala katika kesi ya filamu nyingine. Yeye mwenyewe Yusufu amelieleza jambo hilo katika kitabu cha maisha yake. Nilipolisoma, bibi alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na sikuwa na mtu mwingine wa kumkimbilia nalo. Vivyo hivyo Julai 2021, iliponifikia habari ya kifo cha Yusufu Mumbai, amefikisha miaka 98. Niliketi peke yangu nikamwambia bibi hewani kwamba Yusufu naye amekwenda.

Baada ya swala tuliendelea na kahawa na kashata. Filamu ni nyeusi na nyeupe, na sikuwa nimeambiwa lolote, kwa hiyo jumba la vioo lilipowaka nyekundu na kijani na dhahabu nilipiga kelele, "Bibi, imegeuka rangi!"

"Najua," akasema. "Naingoja tangu mchana."

Anarkali akaimba kwamba aliyependa ataogopa nini, sauti ya Lata Mangeshkar ikajaa chumba, na sura ya Anarkali ikatokea vipande vipande kwenye vioo vya dari juu ya kichwa cha mfalme. Mfalme amekasirika macho mekundu. Hapo sikungoja kuulizwa. Nilimwambia bibi kwamba Yusufu hasemi, ameegemea tu, na pembeni mwa mdomo ana kitabasamu kidogo. "Ndicho hicho," bibi akasema, na machozi yake yakashuka bila kuyafuta.

Usiku, wote walipolala, aliniita. "Nitilie pale penye unyoya." Nikarudisha kaseti nyuma, nikakosea, nikaenda mbele, nikapapata. Nikapunguza sauti. Nilitaka kumweleza, akanifunga mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya udi, akaanza yeye kunieleza mimi.

"Sasa wapita kipajini. Sasa shavuni. Ngoja... sasa midomoni." Runinga ilimfuata neno kwa neno, na mara ya mwisho alipoiona sijazaliwa. "Sasa yeye mwenyewe yuwainama, na unyoya umewafinika nyuso zote mbili. Au sivyo?"

"Ndivyo, bibi."

"Na mchana ulinambia wamekaa."

Sikuwa na jibu. Akanipapasa kichwa, akatafuta fimbo yake.

"Haya, zirudishe mwanzo zote mbili. Kesho ni za watu."