Nilivyomalizana na kucheki klasi ya obijekti kwenye Python

Nilikabidhiwa fankshoni moja (kipande cha kodi) ya Python, ile lugha ya programu, kazi yake ni kupokea kitu chochote iwe namba, tarehe au kamusi alafu inakitoa kama maandishi, na ndani imejaa ma-if ya type(x) == dict, type(x) == int (yaani je, klasi au aina ya kitu hiki ni kamusi, ni namba nzima?) kuanzia juu mpaka chini. Inaenda vizuri tu mpaka ije OrderedDict, ambayo ni mtoto halali wa dict (klasi iliyorithi kutoka kwake) ila type() haina habari na ukoo, inakupa klasi ya obijekti yenyewe basi, kwahiyo inavuka ma-if yote inaenda kuangukia kwenye eror ya mwisho.

Nikazigeuza zote ziwe isinstance(x, dict), hii inapanda mpaka kwa wazazi na mababu. Lakini kabla sijaiachia nikairushia True kuona itasemaje, ikatoa 1! Maana kwenye Python bool (aina ya True na False) ni mtoto wa int, iko hivyo tangu toleo la 2.3 la 2003, so isinstance(True, int) jibu ni True na tawi la int linaimeza. Tarehe nazo ndo zinaudhi zaidi kwasababu datetime (tarehe pamoja na saa) ni mtoto wa date (tarehe tupu), ukitanguliza kucheki date basi saa na dakika zinapotea kimyakimya wala huoni eror yoyote. Dawa yake mtoto atangulie mzazi afuate, bool juu ya int, datetime juu ya date.

Ikakaa sawa, ila sikupenda kwamba kila kitu kinategemea mpangilio wa ma-if, akija mtu akapandisha mstari mmoja imekula kwake. Nikahamia kwenye singledispatch ya functools (moduli inayokuja na Python yenyewe), ipo tangu 3.4, kila klasi unaiandikia kafankshoni kake unaisajili kwa register na Python yenyewe inachagua klasi iliyo karibu zaidi kiukoo, hata ukisajili int kwanza bool haiingiliwi. Ma-if yakafutika yote. Kumbuka tu inaangalia agumenti ya kwanza (kitu cha kwanza unachoipa fankshoni) peke yake, so kwa methodi (fankshoni ya ndani ya klasi) itakamata self (obijekti yenye hiyo methodi) badala ya data yako, hapo chukua singledispatchmethod, hiyo inataka 3.8 kwenda juu.