Siku yangu huanza na mistari sita

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Maji ya chai hayajachemka, simu inalia mara moja mezani. Ni muhtasari wa jana kutoka maduka yangu mawili ya agroveti, yaani ya pembejeo za kilimo na dawa za mifugo, moja hapa Nakuru mjini, jingine Njoro. Programu huuandaa yenyewe siku ikishafungwa na kunitumia alfajiri: mauzo, keshi, pesa zilizolipwa kwa tili ya M-Pesa, madeni mapya, bidhaa zinazoelekea kuisha, na dawa ambazo tarehe zake zinakaribia.

Mwanzoni ilikuwa inaniletea mistari karibu arobaini, kila pakiti ya mbegu kwa jina lake, nami nikaacha kuisoma. Nikamrudia kijana aliyenitengenezea nikamwambia aniachie yale tu ninayoweza kuyafanyia jambo kabla ya saa sita mchana. Tangu hapo hainipiti.

Leo Njoro kuna neno: pesa zilizoingia kwenye tili zimepita mauzo yaliyoandikwa kwa shilingi 3,100.

Zamani nilikuwa nafunga hesabu Jumamosi usiku, na daftari, risiti na jumbe za M-Pesa. Tofauti ikionekana ni ya Jumatatu, na hakuna anayekumbuka Jumatatu. Kwa upungufu wa namna hiyo nilimfuta kazi msichana mmoja. Miezi miwili baadaye nikakuta karatasi ya deni imejibana katikati ya kitabu cha risiti, saini ya mteja juu yake. Nilimtafuta nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini jambo hilo linaniuma hadi leo.

Saa moja na robo. Nampigia kijana wangu wa Njoro kabla hajafungua duka.

"Mama, ni yule mzee wa ng'ombe wanne. Alilipia gunia la chakula cha ng'ombe wa maziwa jana jioni, mvua ikamzuia kulibeba kwa pikipiki."

"Mbona hukuandika?"

"Gunia bado liko hapa. Ningeandika, stoki ingesema limetoka."

Ana haki. Programu haikumpa mahali pa kuandika kitu kilicholipwa ambacho bado kiko dukani.

Saa tatu. Ni Aprili, mvua imeshika, kila mtu anataka mbolea ya DAP na mbegu za mahindi kwa wakati mmoja. Hata chai nainywa nimesimama.

Saa tano. Mstari wa sita: chupa tano za chanjo ya kideri ya kuku, siku kumi na mbili zimebaki. Nafungua friji, kipimajoto kinasoma digrii 5, na chanjo hii inataka kati ya 2 na 8. Chupa yenyewe ni ndogo kama kidole gumba, nayo inatosha kuku 100. Ukishaichanganya na maji haikai, ndani ya saa moja au mbili iwe imetumika. Mwenye kuku ishirini akinunua peke yake, nyingi inamwagika. Kwa hiyo nawapigia kina mama wa chama kimoja cha Rongai ambao huchanja kuku wao siku moja, nyumba kwa nyumba. Wanachukua zote tano, na nitawafungia na barafu. Simu ilinihesabia siku zilizobaki, lakini kujua nani ana kuku wangapi na jirani yake ni nani, hilo limetokana na miaka yangu kaunta.

Saa nane mchana. Napanda matatu hadi Njoro. Tunakaa na kijana nyuma ya magunia, tumemweka fundi wa programu kwenye spika, na kijana mwenyewe ndiye anayemweleza kinachotakiwa: kitufe cha "Imelipwa, haijachukuliwa", na mstari wake kwenye muhtasari. Huo ni wa saba, nami nilishaapa sitaongeza. Nimeukubali. Kama ungekuwepo, nisingeamka leo nikiwa na wasiwasi juu ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Saa moja na nusu usiku, nimefika nyumbani. Njoro wananipigia.

"Mama, mzee amelichukua gunia lake. Tumelifunga nailoni mara mbili, mvua imeanza tena. Siku nimeifunga."