Mita 70 ambazo hazikuwepo: nilivyochagua mfumo wa kuendeshea kampuni

Mteja alitaka bomba la plastiki mita 60, kipande kimoja kisichoungwa. Nikafungua faili la Excel, nikaona tuna mita 70, nikapokea malipo yote na kumwahidi mzigo mchana. Kabla hata ya mchana mtunza stoo akanipigia simu. Ni mzee aliyenizidi umri kwa mbali, wala hanung'uniki ovyo.

"Mwanangu, hizo mita sabini umezionea wapi?"

"Zimo kwenye kompyuta, mzee."

"Huku nina kipande cha arobaini na kipande cha thelathini. Nimpe kipi?"

Nilirudisha pesa na kuomba radhi. Mteja hakurudi tena.

Tulikuwa tumeanza watu 4, wakati huo tumefika 19, na stoo moja imekuwa tatu. Wengi walisema shida ni Excel, lakini mimi sikubali. Ukurasa mmoja wa Excel unabeba mistari 1,048,576 na sisi hatukuwa tumefika hata 9,000. Shida ilikuwa kwamba mauzo yana faili lake, stoo ina lake, madeni yana lake, na kila jioni mhasibu anakaa kunakili kutoka hili kwenda lile. Siku akiumwa, kampuni nzima inafanya kazi kwa kubahatisha.

Mara ya kwanza nilichagua vibaya, na nilichagua vibaya kwa haraka. Muuzaji wa mfumo alikuja na kompyuta yake, akatuonyesha kampuni ya mfano yenye bidhaa 12, kila moja na picha yake. Grafu zinapanda, rangi zinapendeza. Nikalipia leseni ya mwaka mzima wiki hiyohiyo. Sikumuuliza lolote kuhusu bomba.

Bomba letu tunalinunua kwa roli la mita 100 na kuliuza kwa mita. Mfumo ule ulitaka kila bidhaa iwe na kipimo kimoja tu. Tukajifanya wajanja: tukasajili "bomba roli" na "bomba mita" kama bidhaa mbili tofauti. Kila roli linapokatwa, mtu apunguze 1 huku na kuongeza 100 kule. Mtu mwenye wateja sita mbele yake hafanyi hivyo. Mwezi wa tatu mfumo ulisema tuna roli -4. Nilikaa nikaitazama ile alama ya kutoa, nikijiuliza roli nne pungufu ya sifuri zinakaa rafu ipi. Tayari wafanyakazi walikuwa wanaandika kwenye daftari mchana na kuingiza kwenye mfumo jioni, yaani nilikuwa nimelipia kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nikaacha kutafuta mfumo kwa muda. Badala yake nilibandika karatasi kubwa ukutani na kuifuata oda moja, tangu simu ya mteja ilipoingia hadi deni lilipofungwa. Niliichagua makusudi oda yenye vurugu: bidhaa tano, moja haipo, nne zinaondoka, mteja analipa nusu, kisha anarudisha pampu moja. Oda hiyo iliguswa na watu saba. Jina la mteja liliandikwa mara nne kwa tahajia tatu. Na ilikaa siku mbili nzima ikisubiri mtu mmoja aseme "ndiyo". Mtu huyo ni mimi. Hilo hakuna programu ingeliponya.

Baada ya hapo nikawaomba watu wa kila upande waandike wanachotaka. Ikaja orodha ya mistari 84, mingine ya ajabu, kama ankara zibadilike rangi kulingana na mteja. Kwa kila mstari nikauliza swali moja tu: hiki kisipokuwepo, nani atarudi kwenye daftari? Ikabaki mistari 11. Wa kwanza ulihusu vipande vya bomba.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu mifumo yenyewe. Ile inayounganisha mauzo, stoo, manunuzi na uhasibu mahali pamoja huitwa ERP, jina lililoletwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990. Mizizi yake iko viwandani, kwenye programu za miaka ya 1960 zilizokokotoa malighafi gani inunuliwe na lini. Kujua hilo kulinisaidia kuelewa kwa nini mingi inawaza kwa akili ya kiwanda, na duka la jumla linajikuta likijaza nafasi zisizolihusu.

Ipo pia mifumo ya chanzo huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, na hapa ndipo nilipokaribia kuteleza tena kwa sababu ya neno "bure". ERPNext inatolewa chini ya leseni huria ya GPL. Odoo ina toleo huria na toleo la kulipia, na tofauti yake si mapambo: toleo huria linakupa ankara, ila uhasibu kamili umo kwenye la kulipia. Kisichouzwa ni leseni. Seva, fundi wa kuisimika, nakala za akiba za kila usiku, na mtu wa kumpigia mfumo ukigoma, vyote hivyo vina gharama. Kwa kampuni yenye fundi wake ndani, ni njia nzuri sana. Sisi hatukuwa naye, kwa hiyo nilitaka mfumo unaokaa kwenye wingu, yaani kwenye seva za muuzaji tukiufikia kwa intaneti, na muuzaji mwenyewe anautunza.

Nilipiga hesabu ya miaka mitano, si ya mwezi. Kwetu leseni haikufika hata nusu ya gharama ya mwaka wa kwanza. Iliyobaki ilikwenda kwenye kuhamisha data, mafunzo, na siku ambazo watu walikaa darasani badala ya kuuza. Wauzaji wengine hutoza kwa kila mtumiaji, basi nikajiuliza nani hasa anahitaji kuingia. Dereva hahitaji akaunti; anahitaji karatasi ya kusainiwa na mteja.

Kati ya wauzaji sita nilibakiza watatu. Safari hii nilikataa kuona kampuni ya mfano. Kila mmoja nilimtumia faili la bidhaa zetu 40 na kisa cha ile oda yenye vurugu, pamoja na bomba la mita 60. Nikaweka sharti moja lililowakera wote: mausi itashikwa na mzee wa stoo, muuzaji akae nyuma.

Wa kwanza alijibu kila swali kwa "hilo litawezekana baada ya marekebisho", na baada ya swali la tano akaomba kuja siku nyingine. Hakuja. Wa pili alikwenda vizuri mpaka pampu iliporudishwa. Mfumo wake ulitaka ankara ifutwe na kuandikwa upya. Mhasibu wetu, dada ambaye huwa hasemi sana kwenye vikao, alifunga daftari lake. "Ankara ikishatoka haifutwi. Inatolewa krediti noti, hati ya kumpunguzia mteja deni." Akanyanyuka, na kikao kikaishia hapo.

Wa tatu alikuwa na skrini mbaya kuliko wote. Kijivu kitupu. Lakini mfumo wake ulimruhusu mzee kuingiza roli kwa mita, na kila kipande kilichokatwa kukipa namba yake, kwa njia ileile wauza dawa wanavyofuatilia makundi ya dawa. Alipotafuta mita 60, ukamwonyesha jumla 70, na chini yake 40 na 30. Oda nzima ilimchukua dakika 11. Alipomaliza alivua miwani, akasema, "Huu unajua stoo."

Sitataja jina la mfumo huo, kwa sababu sifa iliyotufanya tuuchague huenda isikufae kitu kama huuzi kinachokatwa.

Kabla ya kusaini niliomba jambo moja zaidi: nitolee data zangu zote, sasa hivi, kwa mafaili ya CSV, yale ya maandishi matupu yanayofunguka hata kwenye Excel. Alibofya, zikashuka. Yule wa pili nilipomuuliza hivyohivyo alisema, "Ukiondoka tutakutumia." Mfumo unaoweza kuingia na huwezi kutoka ni mtego, hata uwe mzuri vipi.

Kuhusu marekebisho nilijifunza kwa wakubwa waliotangulia. Lidl, wale wa maduka ya Ujerumani, walianza kujenga mfumo mpya wa SAP, kampuni kubwa ya kutengeneza ERP, mwaka 2011 na kuuacha 2018, baada ya kuripotiwa kutumia takriban euro milioni 500. Mojawapo ya sababu zilizotajwa: wao huthamini mali ya stoo kwa bei ya kununulia, na mfumo ule ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Walitaka mfumo uwafuate, marekebisho yakazaa marekebisho. Kwa hiyo kila tulipogongana na mfumo nilijiuliza kama tunachotetea ni biashara au ni mazoea. Ankara zetu zilikuwa zinaanza na herufi za jina la muuzaji. Hayo ni mazoea, tukayaacha, ingawa vijana wa mauzo walinuna wiki nzima. Vipande vya bomba ni biashara.

Kazi kubwa kuliko kuchagua ilikuwa kusafisha data. Faili la bidhaa lilikuwa na majina 2,300. Tulipomaliza yalibaki 1,460. Kiungio kimoja cha nusu inchi kilikuwa humo mara nne: kwa namba, kwa maneno, na mara mbili kwa makosa ya herufi. Ilituchukua wiki sita, jioni kwa jioni, na nilitamani kumlipa mtu wa nje aifanye. Asingeweza. Ni mzee pekee aliyejua kwamba "elbo ya zamani" na "kona nene" ni kitu kimoja. Miamala ya miaka ya nyuma hatukuihamisha. Tulichukua mizania ya mwisho wa mwezi, ankara ambazo hazijalipwa na hesabu ya stoo tuliyoihesabu kwa mkono, milango imefungwa. Mafaili ya Excel yakabaki ya kusomwa tu.

Wiki mbili tuliendesha vyote viwili sambamba, kisha nikatangaza mwisho wa daftari. Siku ya kumi baada ya tangazo nikalikuta kwenye droo ya mzee, limefunikwa na kitambaa. Nilikasirika. Yeye hakujitetea, alilifungua tu akanisogezea. Ndani ya daftari yalikuwemo majina ya watu watatu ambao huchukua mali kauli: wanaondoka na mzigo, wanalipa wakishauza, kisichouzika wanakirudisha. Mfumo ulimlazimisha aandike ni mauzo ilhali bado si mauzo, au asiandike kabisa ilhali mali imetoka. Kwenye ile mistari yangu 84 jambo hilo halikuwemo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona kuwa jambo la kuandikwa.

Tuliwasajili wale watatu kama stoo ndogo tatu. Mzigo ukitoka unahamishwa kwenda "stoo" ya fulani, akilipa ndipo ankara inatoka. Hakikuhitajika kibali wala malipo ya ziada. Mchana mmoja ulitosha. Mzee alijaribu mara mbili, akauliza kama anaweza kuona nani amekaa na mali zaidi ya siku 30. Nikamwonyesha pa kubofya. Mmoja alikuwa na siku 74, na mzee akachukua simu palepale.