Maalim kwenye viti vya mbele

Mwaka 2018 nilikuwa nyumbani Ujiji kwa arobaini ya shangazi, ofisi niliyokuwa naifanyia kazi ikanitaka Dar es Salaam kabla ya jioni ya kesho yake. Mhasibu akapiga simu usiku: viti vya kawaida vya ndege vimejaa, kimebaki kimoja cha daraja la biashara, nimekukatia hicho, usiniulize nimekitoa fungu gani.

Sikumuuliza. Mimi nimekulia kwenye treni ya reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, behewa la daraja la tatu, miguu juu ya gunia la dagaa. Mtu akinipa kiti cha mbele sina haja ya kujua hela imetoka wapi.

Ndege ilikuwa Bombardier, ile Dash 8 Q400 ambayo jina la kiwandani mwake liligeuka kuwa jina la ndege yenyewe midomoni mwa watu. Mbili za kwanza zilipoingia nchini mwaka 2016 hapakuwa na kijiwe ambacho hakikuzijadili. Wapo waliozibeza kwamba ni za pangaboi, kama vile pangaboi ni aibu. Wenye kuzielewa walijibu kuwa kwa safari fupi injini za namna hiyo hazili mafuta mengi, na haziombi barabara ndefu ya kurukia. Abiria wake ni 76: sita mbele, sabini nyuma, na pazia katikati.

Tatizo la kukaa mbele kwenye ndege ndogo nililigundua Kigoma pale pale. Wa daraja letu tuliitwa kwanza. Mlango wa mbele ukifunguliwa kwa chini ndio huo huo unakuwa ngazi, na kila anayepanda anapita kwenye bega lako. Kwenye ndege kubwa unajificha. Wengine wanapandia mlango mwingine, hawakuoni. Hapa nimeketi, nimeshika glasi ya juisi, na nusu ya mji inapita mbele yangu na vifurushi vyake.

Na mtoto wa Ujiji hapitwi na mkubwa wake akiwa amekaa. Mama mmoja wa Mwanga akaingia, nikainuka: shikamoo mama. Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Nikakaa. Akaingia mzee wa sokoni, nikainuka tena, safari hii kichwa kikagonga kabati la mizigo la juu. Bwana mmoja wa Kasulu akanirushia salamu ya Kiha, "Mwakeye!" huku akiitazama ile glasi. Kila aliyepita aliitazama glasi. Mwishowe nikaiweka chini, kati ya miguu.

Karibu wa mwisho alikuwa Maalim. Huyu ndiye aliyenifundisha alifu, na juzi yake tu alikuwa kwetu anasoma hitima ya shangazi. Macho yalikuwa yameanza kumtupa, alikuwa anapelekwa Muhimbili, mjukuu wake kamshika kiwiko, na mkononi ana kikapu cha migebuka mikavu ambacho hakukubali kukitoa kiende na mizigo.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Sauti naijua. Wewe si yule wa kutorokea ziwani?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umekaa mlangoni?"

Nikamwambia apakalie yeye, mimi niende nyuma. Mhudumu, binti mpole sana, akasema orodha ya uzito imeshapelekwa kwa rubani, tungoje kwanza ndege ipae. Maalim akapita na kikapu chake, na harufu ya migebuka ikabaki kwetu tuliolipiwa zaidi.

Taa ya mikanda ilipozimika, binti yule hakusahau. Alifungua pazia, akaniita, tukabadilishana. Ile safari ya kumtoa Maalim nyuma hadi mbele ilichukua muda maana njia ni nyembamba na kila mtu alitaka kumpa mkono.

Nami nikakaa karibu na mjukuu, dirishani, chini ya bawa. Kwa ndege za aina hii bawa liko juu, kwa hiyo hakuna kinachokuziba. Nchi yote iko chini yako. Kelele huko ni kubwa kuliko mbele, pangaboi liko pale pale unaliona, mapanga sita yamekuwa duara moja la ukungu. Tulipoanza kushuka Tabora, sehemu ya chini ya injini ilifunguka, mguu ukajikunjua kutoka ndani, matairi mawili yananing'inia hewani. Mjukuu akanishika mkono. Tukaikodolea macho ardhi ikipanda kuyafuata, vichaka, kisha lami, kisha moshi mdogo mpira ulipogusa. Kiti changu cha asubuhi hakikuwa na sinema hiyo.

Tabora walishuka wachache, wakapanda wengi. Nilitaka kwenda kumwangalia Maalim, sikuwahi. Pazia lilikuwa wazi nikamwona. Kikapu kipo miguuni, kofia ameinyoosha, na kila aliyekanyaga kizingiti anampokea: "Karibu. Karibu, mama. Hamjambo huko? Pita, pita, nafasi ipo." Mimi pale pale nilikuwa nimekaa kama mwizi, yeye alikifanya kiti kile baraza yake. Watu wa Tabora wakadhani ni sheikh mkubwa anayesafiri na msafara, wakaanza kumbusu mkono. Hata aliyekuwa na hasira za kusubiri juani aliingia akatulia. Mhudumu aliyekuwa na kazi ya kukaribisha wageni alibaki amesimama kando, anacheka.

Hatukurudishana viti. Dar, wa mbele ndio hushuka kwanza, lakini Maalim alikataa kuinuka mpaka mjukuu afike, na mlango uko hapo kwake, basi sote tukapita tunamuaga yeye kama tunatoka nyumbani kwake.

Nikamsubiri chini ya ngazi. Tukaenda polepole kuelekea jengoni, mjukuu upande mmoja, mimi na kikapu upande wa pili.

"Kile kiti," akasema, "kinazidi hivi vya nyuma kwa kiasi gani?"

Nikamtajia. Akasimama.

"Wewe ndiye uliyelipa?"

"Hapana, Maalim. Ofisi."

Akaanza kutembea tena. Hatua chache akasimama.

"Ofisi hiyo. Waambie madrasa yetu inavuja, upande wa kibla. Mabati kumi na mawili tu."