Banda la uani, bledi nyembamba na ramani ya Pemba

Jumapili, baada ya alasiri

Leo nimekaza skrubu ya mwisho kwenye ubao wa ukutani, na sasa naweza kuliita banda la uani karakana bila kusita. Kabla ya hapo lilikuwa stoo ya mapipa, makuti yaliyobaki na baiskeli isiyokuwa na mnyororo. Naandika haya kabla sijasahau namna lilivyopangika, kwa sababu halikupangika kwa akili ya siku moja. Mpangilio umetoka kwenye kukata. Kwa muda mrefu vifaa vyangu vilikaa sakafuni ndani ya maboksi, na nilikuwa sitaki kuvitundika mpaka kazi yenyewe inioneshe kila kimoja kinataka kukaa wapi.

Mashine nililetewa na shemeji yangu anayeishi Muscat. Ni msumeno wa nakshi wa umeme, ule wenye mkono mrefu juu na mwingine chini ya meza, na katikati yake bledi nyembamba ya inchi 5 inayopanda na kushuka. Mtu akiitazama mara ya kwanza hufikiri ni cherehani. Kasi yake unaibadilisha kwa kuzungusha kitufe, kuanzia mapigo 400 hivi kwa dakika mpaka 1,600. Kutoka kwenye bledi hadi nyuma ya mkono kuna inchi 16, na hicho ndicho kipimo cha kuulizia kabla ya kununua, maana ndicho kinachoamua kipande cha mbao kikubwa kiasi gani unaweza kukizungusha bila kugonga nyuma. Umeme wa Oman ni volti 240 na hezi 50, yaani mizunguko ya mkondo kwa sekunde, wetu 230 na hezi hizo hizo, kwa hiyo nilichomeka tu. Wenye jamaa Marekani wawe waangalifu. Kule ni volti 120 na hezi 60. Transfoma itakusaidia kushusha volti lakini hezi haizigusi, na baadhi ya mota zitazunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa.

Sasa kukata kwenyewe.

Kuna fundi seremala mtu mzima jirani yetu, mchoraji wa milango, ambaye siku zote ametumia patasi na nyundo ya mbao. Alikuja kuiona mashine, akasimama nyuma yangu kimya, halafu akasema, "Mwanangu, usiisukume mbao. Ipeleke." Yeye msumeno huu hakuwahi kuutumia, lakini mikono yake iliona kitu ambacho mikono yangu bado. Ukisukuma, bledi inapinda kwa nyuma, na mkato unatoka umelala upande badala ya kusimama wima. Ukiipeleka, bledi inakula kwa mwendo wake na wewe kazi yako ni kuelekeza tu.

Na kuelekeza si kwenda mbele moja kwa moja. Bledi nyingi, kwa namna zinavyotengenezwa kiwandani, hubaki na ukali kidogo zaidi upande mmoja wa meno, kwa kawaida kulia, na mkato huvutwa huko. Kwa hiyo ukitaka kufuata mstari ulionyooka, mbao yenyewe inabidi uilaze mshazari wa digrii chache. Jambo hili humshangaza kila anayeanza, halafu linaingia mkononi, na baada ya hapo hulifikirii tena. Kwenye kona kali hukati. Unafika kwenye ncha, unaacha kupeleka, unaegemeza mbao kidogo kwenye mgongo wa bledi usiokuwa na meno, unaizungusha hapo hapo, kisha unaendelea. Nilikaa jioni nzima nafanya kona tupu kwenye mabaki ya plaiwudi, bila umbo lolote, na ulikuwa muda nilioutumia vizuri sana.

Mkazo wa bledi nao unasikilizwa. Ukishaifunga, meno yakitazama chini, iguse kwa ukucha. Ikilia sauti nyembamba na safi, iko tayari. Ikilia kizito, kaza tena.

Kilichoanza kulipanga banda ni matundu. Nakshi ya kutoboa ina uwazi mwingi ndani yake, na kila uwazi unataka tundu lake la keekee kwanza. Unalegeza mkazo, unachomoa kichwa cha juu cha bledi, unakipitisha kwenye tundu kutoka chini, unakifunga, unakaza, unawasha, unakata, unazima, unalegeza tena. Ua dogo tu lenye majani yaliyosukana linaweza kukufanyisha mzunguko huo mara nyingi sana. Ukianza na nje, kipande kinabaki dhaifu na hakina pa kushika, kwa hiyo unaanza na matundu ya ndani kabisa, unatoka pole pole kuelekea pembeni, na mzingo wa nje unakuwa wa mwisho.

Nilipokuwa narudia mzunguko ule ndipo nikaona mkono wangu wa kushoto unatafuta kitu kile kile kila mara, na wa kulia vivyo hivyo. Keekee ya mezani ikahamia kushoto, hatua moja bila kunyanyuka kitini. Bledi zikaja kulia, usawa wa bega. Brashi ya kupangusia vumbi kwenye mchoro ikaning'inia kwenye taa. Swichi nikaishusha mguuni ili mikono yote miwili ibaki kwenye mbao. Sikuchora ramani ya banda. Nilifuata mikono.

Bledi nimezihifadhi kwenye vipande vya bomba la plastiki la nusu inchi, vilivyozibwa chini na kukatwa vifupi kuliko bledi, ili vichwa vichomoze. Kila kipande kina namba yake: 2/0 kwa kazi nyembamba kabisa, 3, 5, 7, na 9 kwa mbao nene. Namba kubwa, bledi pana. Hapa Unguja hewa yenyewe ina chumvi na bledi isiyopakwa kitu hushika kutu haraka, hasa masika, kwa hiyo ndani ya kila bomba kuna kitambaa kidogo chenye mafuta ya cherehani. Kabla ya kufunga bledi naifuta, mafuta yasije yakaingia kwenye mbao. Meza ya chuma ya mashine naisugua nta. Inazuia kutu na mbao inateleza vizuri zaidi juu yake.

Mabaki ya mbao yalinipa mawazo zaidi kuliko vifaa. Karibu kila seremala niliyemtembelea anayapanga kwa jina la mti: mninga huku, mkangazi kule, mfenesi chini. Mimi nimeyapanga kwa unene, na nalitetea hilo. Mchoro ukikaa mbele yangu, swali la kwanza ni unene, maana unene ndio unaochagua bledi, kasi, na kama nitaweza kubandika vipande viwili au vitatu pamoja nivikate kwa mpigo mmoja. Rangi inakuja baadaye. Kwa hiyo kuna rafu ya milimita 3, ya 6, ya 12, na ya chini kabisa ni ya 18 kwenda juu. Kipande kisichotosha kukalia kiganja kinakwenda kwa jirani, jikoni.

Mfenesi ndio niupendao kuliko yote. Ukiukata unatoka manjano iliyoiva, kisha mwanga unaugeuza pole pole kuwa kahawia. Milango mingi ya Mji Mkongwe imechongwa kwa mti huu, pamoja na msaji na mvule. Mninga ni mzuri lakini unaungua kwenye kona ukikaa sana mahali pamoja. Dawa yake ni utepe wa plastiki wa kufungia maboksi: bandika juu ya mchoro, na bledi inapopita inapunguziwa msuguano, mkato unatoka bila weusi. Mvule nauogopa kwa sababu ya vumbi lake, linalowasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi.

Kuhusu vumbi sina masihara. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Msumeno huu hautoi maranda ya kuonekana yakiruka. Unatoa unga laini unaoelea, na huo ndio unaoingia mbali. Barakoa ya kitambaa haitoshi, navaa ile ya kuchuja vumbi laini. Mashine nimeielekeza kwa upepo: kipindi cha kusi dirisha la kusini linaingiza hewa na mlango wa kaskazini unatoa vumbi nje, mbali na kamba ya kuanikia nguo. Kaskazi ikianza kuvuma nitageuza meza. Miguu yake nimeikalisha kwenye mpira mnene, na hilo limepunguza mtetemo kiasi kwamba mama, chumba cha pili, hajui tena kama nakata au nasoma.

Tangu nianze kazi hii siwezi kupita barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, bila kusimama. Jengo la Dispensari ya zamani, lile lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi, nimeliona tangu utotoni. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, kwa heshima ya jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki 1891, jengo halijaisha. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan lililikarabati. Zamani nilikuwa naona uzuri tu. Sasa naona kazi. Naona kila uwazi na najua kwamba kabla ya kukatwa palikuwa na tundu, na mtu alipitisha msumeno pale, akaufunga, akakata, akaufungua. Naona pia namna majani yalivyolazwa kufuata nyuzi za mbao, kwa sababu jani jembamba likilala kukingama na nyuzi huvunjika kwa kuguswa tu. Mafundi wale walilijua hilo kabla ya kushika msumeno, wakiwa bado kwenye mchoro. Mvua na jua la bahari vimezipiga roshani zile miaka mingi. Nikiona mahali ambapo nakshi kama hizo zimeng'olewa kwenye nyumba nyingine na kuzibwa kwa bati naumia kwelikweli, kwa sababu najua sasa ni saa ngapi za mtu zimetupwa.

Ninachokikata wiki hii ni kidogo zaidi. Watoto wa dada yangu wamenililia, "Mjomba, tutengenezee fumbo la vipande," nami nimewachagulia ramani. Mafumbo ya namna hiyo yalianzia kwenye ramani: katika miaka ya 1760 John Spilsbury wa London, mchongaji wa ramani, alibandika ramani kwenye ubao na kuikata kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia kwa vidole. Yangu itakuwa ya Unguja na Pemba, wilaya zote 11, kwenye plaiwudi ya milimita 6. Plaiwudi haina tatizo la nyuzi, matabaka yake yanapishana, kwa hiyo rasi nyembamba hazitavunjika.

Pemba ndiyo iliyonipa raha na tabu. Unguja pwani yake imetulia, mkono unakwenda. Pemba, hasa magharibi, kuanzia Wete mpaka Mkoani, ni hori baada ya hori, ghuba inaingia, ulimi wa ardhi unatoka, ghuba nyingine inaingia. Bledi namba 2/0, kasi chini, na pumzi naitoa kila ninapozunguka ncha. Wilaya ya Chake Chake peke yake imenichukua muda kuliko kusini yote ya Unguja. Nimekubaliana na nafsi yangu kutolainisha hata hori moja. Mtoto akipitisha kidole pale aijue Pemba ilivyo.

Shida iliyobaki ni Wilaya ya Mjini. Kwa kipimo nilichoanza nacho inatoka ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, na mdogo wao bado anatia kila kitu mdomoni. Dada yangu ameniambia nichore mstari tu, niiunganishe na Magharibi A. Sikubali, hapo ndipo walipozaliwa wote watatu. Nitaikuza ramani ya Unguja mpaka kipande cha Mjini kisiweze kuingia mdomoni mwa mtoto wa miaka miwili, na Pemba itakuzwa kwa kipimo hicho hicho. Kisiwa kidogo cha Tumbatu nitakigundisha kwenye ubao wa chini, kisipotee. Plaiwudi niliyonayo haitatosha tena, kwa hiyo kesho asubuhi nakwenda kutafuta karatasi nyingine, na jioni nitaanza upya na Micheweni.