Kona nyeupe, mkono wa kulia

Jumamosi usiku

Leo mpwa wangu alikuja na daftari lake la shule, na hadi sasa ninapoandika haya bado nauwaza ule ubao.

Ubao wenyewe ni wa drafti, kazi ya fundi seremala wa mtaani kwetu. Una miraba 64, nusu imepakwa rangi nyeusi na nusu imeachwa na weupe wa mbao. Pembeni hauna herufi wala namba za kutajia kila mraba, herufi ya safu kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe na namba ya mstari. Kete za sataranji nilizipata baadaye, za plastiki, zote 32, ila askari mmoja mweupe alipotea na mahali pake tukaweka kizibo cha soda.

Siku zote ubao huupanga mimi. Mtoto akifika, "Shikamoo mjomba," "Marahaba," anakuta kila kitu tayari na tunaanza. Leo nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikamwambia apange mwenyewe. Niliporudi alikuwa ameshamaliza, na kwa haraka sikuona kasoro. Ngome ziko kwenye kona, kila moja na farasi wake ubavuni, kisha askofu, katikati mfalme na malkia, na askari wanane mbele yao. Malkia mweupe kasimama kwenye mraba mweupe, malkia mweusi kwenye mweusi, wanatazamana. Ndivyo nilivyomfundisha na ndivyo alivyofanya.

Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Mjomba, hapa tumeandika askari wa mbele ya mfalme anasogea miraba miwili, anafika e4. Mbona nikihesabu kutoka kushoto, a, b, c, d, e, namkuta malkia?"

Nikahesabu na mimi. Kweli. Nikaangalia kona iliyo karibu naye, mkono wake wa kulia. Nyeusi.

Kumbe kosa halikuwa kwenye kete hata moja, lilikuwa chini yake. Ubao ulikuwa umelazwa upande sio. Ukiulaza hivyo, mahali palipotakiwa kuwa peupe panakuwa peusi, na malkia anayefuata rangi yake anajikuta kulia kwa mfalme mweupe badala ya kushoto. Kote kunageuka kama sura kwenye kioo. Na mchezo unachezeka vizuri tu mpaka mwisho, kwa hiyo mtu anaweza kukaa nao miaka bila kushtuka. Atakuja kushtuka siku atakapotaka kufuata hatua zilizoandikwa, au atakapoketi mbele ya mgeni. Hata pale mfalme anaposogea miraba miwili kuelekea ngome na ngome ikamruka ikasimama upande wa pili, mwenye nyeupe aliye kwenye ubao sahihi ana njia fupi kulia kwake. Huyu angezoea kwenda kushoto.

Nimejisikia vibaya. Kanuni ya malkia nilimpa, lakini ile inayoitangulia, kwamba kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia, sikuwahi kuitamka. Ningeitamka lini, wakati ubao nilikuwa nautandika mimi?

Akaniuliza kwa nini iwe kulia. Nikamwambia ni makubaliano tu, ili wachezaji wa kila mahali wakae kwenye ubao mmoja. Nikamsimulia pia kwamba zamani, mchezo ulipotoka India ukapita Uajemi na kwa Waarabu waliotuachia hili jina la sataranji, ubao haukuwa na rangi mbili. Ulikuwa miraba mitupu. Wala malkia hakuwepo, mahali pake alikaa waziri, na waziri huyo alisogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Nguvu alizo nazo malkia leo alizipata Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15. Mtoto alimshika yule malkia mweupe akamgeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Nadhani hilo la waziri limemwingia kuliko yote niliyosema leo.

Tukaondoa kete zote. Nilitamani sana kumsaidia, nikajizuia, nikashika kikombe changu kwa mikono miwili. Akauzungusha ubao, akagusa kona ya kulia, akainama upande wangu kuhakikisha na yangu ni nyeupe. Ngome. Farasi, hapo akasita.

"Wanatazama wapi, mjomba?"

"Popote unapopenda, mama. Hilo halina sheria."

Akawaelekeza wote wawili kwa mfalme. Maaskofu. Malkia kwenye mweupe, safari hii kushoto kwa mfalme. Kisha askari mmoja mmoja, na kizibo cha soda kikaangukia mbele ya mfalme. Akahesabu tena kwa kidole, a, b, c, d, e, akakisukuma kizibo miraba miwili, akaniambia, "Zamu yako."